Kushuka Kabasinga

Bunia, Mudzi Pela, tarehe 14 Septemba 2024

Kwa mudogo wangu Hippolyte,

Salamu nyingi kutoka nyumba nzima. Siye tuko. Mama iko, miguu inamuuma asubuhi, lakini saa tatu ikifika utamukuta nyuma ya nyumba mu bustani yake ya lenga-lenga, anagombeza kuku ya majirani. Dorcas wangu amepita mu mwaka wa sita. Yannick wangu amerudilia wa ine, na tafadhali usiniulize sababu. Toka Bule, kijiji yetu ile tulikimbia, tunasikia kama watu kidogo wamerudi kulima. Nyumba yetu kule haina mabati tena. Mama anasema mabati si kitu.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika na mama Gertrude, akitoka kuuzisha samaki ya Kasenyi huko Uganda. Tuliisoma vile tunasomaka barua zote hapa: Mama kwa kiti, watoto kwa mukeka, mimi nimesimama kama mwalimu, na hakuna mutu kugusa sahani mbele ya barua kumalizika. Kisha nikaipeleka kwa masomo, nikasomea wanafunzi wangu ile fasi unaeleza ukungu inapanda toka mu korongo asubuhi. Waliniomba niisome tena, na wale si watoto wa kuomba kusomewa.

Sasa nisikilize. Nimefundisha géographie miaka makumi mbili na mbili. Kila mwaka nachora korongo kwa ubao: ukuta huku, ukuta huku, mto katikati, mishale. Mutoto akiuliza, "Madame, ulifikaka?", namujibu fungua kitabu. Na huku niko na ndugu wa tumbo moja, gide wa kuongoza wageni kule Kabasinga, ngambo ya ziwa, korongo ya kweli, mto umeichonga mu mawe ya volkano, na mimi naendelea kuchora mishale! Hapana. Nimekata shauri. Likizo ya Pasaka, mwezi wa ine, nakuya. Nitashuka na weye paka chini kwenye maji. Usianze kunihesabia miaka, niko na makumi ine na nane, si mia.

Na kwa sasa nitumie jiwe moja, ya chini kabisa, wanafunzi waiguse.

Dada yako,
Hortense


Kabasinga, 20 Oktoba 2024

Yaya Hortense,

Nakusalimia mingi sana, dada yangu mukubwa, na Mama, na watoto. Mwambie Yannick asivunjike roho, mimi nilirudilia mara mbili na leo naandika barua zinasomwa mu kalasi. Huku niko muzima. Watu wa hapa wanacheka Kiswahili yangu, mimi nacheka yao, siku inapita. Chakula iko, ndizi asubuhi, ndizi magaribi. Fufu nimesahau sura yake.

Juu ya safari yako, Yaya, nimefurahi, lakini tufikiri vizuri. Mwezi wa ine ni mvua. Mvua ikinyesha kwa milima, hata kama hapa jua inawaka, maji inakuya gafula na wanafunga korongo. Tena kuna ngazi tano, za miti, na zingine zimechoka. Na magoti yako? Mwaka ule ulianguka pa kanisa ukisema ni kiatu. Ingefaa ungoje paka 2026. Kazi hii ya gide si muchezo, tunaona wageni wanene wanashuka wakiimba, wanapanda wakilia.

Nakutumia jiwe. Salimia wanafunzi.

Mudogo wako,
Hippolyte


Bunia, 24 Novemba 2024

Hippolyte,

Salamu kwanza, juu desturi ni desturi. Mama iko. Dorcas iko. Yannick iko na kikohozi. Mimi niko na hasira.

Jiwe yako ilifika imefungwa vizuri mu gazeti. Siku ya tatu nikaiweka juu ya meza mbele ya watoto makumi tano na moja. Nikawaambia: jiwe hii ilikuwaka moto, ilitoka chini ya dunia, ikapoa, mto ukaichonga maelfu ya miaka. Arielle, baba yake anafanyaka kazi ya barabara, akanyoosha kidole: "Madame, hii ni ya barabara." Nikamugombeza. Nikasema tuiweke mu ndoo ya maji, tuone vile jiwe ya volkano inakaa. Hippolyte! Ile jiwe ya kuvumilia moto ikaanza kutoa wekundu. Mu dakika tano ikawa potopoto. Kalasi yote ilicheka paka préfet, mukubwa wa masomo, akakuya kuchungulia. Na mimi nilicheka, ningefanya nini?

Nikafika nyumba, nikatosha barua zako zote sita, nikazisoma na bic nyekundu ya kusahihisha. Mu ya kwanza, wageni wanashuka na kofia zao. Mu ya pili wanapanda na matope paka magoti. Mu ya tatu sauti ya maji "inafika huku juu". Mu ya ine ukungu "inatoka kule chini". Huku juu, kule chini, barua sita nzima, na hakuna fasi hata moja miguu yako inalowana. Gide gani huyo, anashuka kila siku na maji haimugusi?

Haujashuka hata siku moja. Nasema kweli ao nasema uongo? Jibu kwa ndiyo ao hapana, kama mu mutihani.

Hortense


Kabasinga, 5 Januari 2025

Yaya,

Bonne année kwa wote, Mungu awape nguvu. Huku baridi mingi asubuhi. Ngazi ya tatu wameibadilisha, sasa ni ya chuma. Nimepata shati mupya ya kazi, ya kijani. Mama Gertrude iko na haraka, boti inamungoja, kwa hiyo siwezi kuandika mingi.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Hippolyte


Bunia, 2 Februari 2025

Mudogo wangu,

Siye wote tuko, aksanti kwa Mungu. Kikohozi ya Yannick imeisha. Mama amevuna lenga-lenga mingi, amegawia hata wale wenye kuku.

Nilimuuliza mama Gertrude juu ya haraka yake. Alishangaa. Anasema alikaa kwako siku mbili, akakupikia samaki, na asubuhi yote weye uliinamia karatasi moja ukishika kichwa. Anasema tena unakaa kwa bariere pale juu, unaandika majina ya wageni mu kitabu, unawapa fimbo za kushukia. Hiyo ni kazi, Hippolyte. Haina haya hata kidogo. Kwa nini ulinisemea ya gide?

Basi nitataja jina ile hatutajaka. Mathieu. Ndugu yetu alikufa mu shimo ya zahabu Bambu. Yeye alikuwa chini, weye ulikuwa juu na kamba. Siku ya mazishi ulitupa udongo mara moja, ukaenda, ukavuka ziwa, na tangu pale, miaka ine, haujalala kwetu. Mama hajauliza. Mimi sijauliza. Tumekaa na hiyo jina vile mutu anakaa na jino bovu, anatafuna upande ule mwingine. Mi nimechoka kutafuna upande moja. Nauliza: ni nini ilipita pale Bambu?

Na safari iko vilevile. Kila siku nikitoka masomo napanda kilima na mufuko ya vitabu kwa mugongo, napanda, nashuka, napanda tena. Watu wa Mudzi Pela wanasema Madame amepata wazimu. Dorcas anatembea mbele yangu mbali, asionekane tuko pamoja. Juma ya kwanza nilifika nusu, nikakaa chini kama mufuko ya makaa. Sasa nafika juu na pumzi inabaki ya kusema. Karatasi za mupaka ziko tayari. Nimenunua botte, viatu za kushukia. Tarehe 12 mwezi wa ine napanda boti Kasenyi. Ukishuka na mimi, nitafurahi kuliko vile naweza kuandika. Ukibaki kwa bariere, utaniandika mu kitabu kama wageni wote na utanipa fimbo, nitashuka.

Dada yako asiyerudi nyuma,
Hortense


Kabasinga, 9 Machi 2025

Yaya Hortense,

Nakusalimia sana, na Mama, na Dorcas, na Yannick. Nimefurahi juu ya lenga-lenga. Huku nimepanda viazi nyuma ya nyumba ya kazi, kama za Bule, zinaanza kutoa majani. Mvua imeanza kidogo. Wageni si wengi juma hii.

Yaya, kutoka hapa soma peke yako. Mama asisikie.

Ndiyo. Haujakosa. Sijashuka hata siku moja. Nilipofika Kabasinga, mwaka moja nyuma ya kuvuka ziwa, miaka tatu sasa, walitaka kunifanya gide. Gide mwenye kunifundisha ni Assani, mutu mwema. Alinitangulia. Ngazi ya kwanza nikashuka, ya pili nikashuka. Kwa ya tatu kuta zinakaribiana, ukinyoosha mikono unagusa huku na huku, na hewa inakuwa ya udongo wa ndani. Unajua harufu hiyo? Weye haujue, mimi najua. Nikapanda mbio, nikamwambia Assani tumbo inaniuma. Tumbo hiyo inaniuma miaka tatu, na Assani hajauliza tena. Vile nakuandikiaka ni vile yeye anasimuliaka akirudi. Nilikusemea ya gide juu nilitaka uwe na kitu ya kumwambia Mama.

Sasa Bambu. Mu shimo yetu sauti haikufika juu, tulisemaka na kamba. Mutu wa chini akivuta mara moja, ni kusema pandisha mufuko. Mara mbili, nipe hewa. Mara tatu, nitoshe inje. Mara tatu hauulizi, unavuta na nguvu ile Mungu alikupa. Unamujua Mathieu. Alikuwaka anacheza na mara tatu. Anavuta tatu, mimi navuta paka mikono inachubuka, anatokea juu anacheka meno yote inje: "Nilitaka kuona kama unanipenda." Alinifanya vile mara kumi, labda kumi na tano. Nilimutukana, akacheka zaidi, tukacheka wote.

Ile Jumanne alivuta tatu. Na mimi, Yaya, nikasema leo hapana, leo hanipati. Nikavuta tatu pia, kumurudishia muchezo yake. Nilikuwa nacheka. Kisha udongo ukakaa chini, polepole tu, hata haikupiga kelele. Kamba ikalegea mu mikono yangu.

Niliambia watu wote kama nilivuta na nguvu haikutosha. Sikumuvuta.

Usikuye. Si juu ya mvua, si juu ya magoti yako. Ukinitazama uso nitakufa haya.

Hippolyte


Kasenyi, 14 Aprili 2025

Hippolyte,

Nakuandikia nikikaa juu ya kasha ya samaki, usishangae harufu. Dorcas na Yannick wako Bunia, wako wazima. Mimi niko hapa tangu siku tatu na mufuko yangu na botte zangu. Boti zote zimesimamishwa, ziwani hakuna usalama, na hakuna mutu anaweza kusema ni paka siku gani. Ningaliweza kuogelea ningelikuwa kwako.

Iko jambo nakuambia mbele ya yote, na usinikasirikie paka umalize kusoma. Mama anajua.

Mama Gertrude alileta barua yako siku ya mungu, tumetoka misa. Unajua vile tunasomaka. Mama kwa kiti, watoto kwa mukeka, mimi nimesimama. Nikasoma salamu. Nikasoma viazi, Mama akafurahi juu ya viazi. Nikasoma mvua, wageni. Na bila kupumua nikasoma: "Yaya, kutoka hapa soma peke yako. Mama asisikie." Hippolyte! Mutu anaandika maneno kama hiyo katikati ya ukurasa, nyuma ya viazi? Kwa nini haukuandika juu ya bahasha? Nilisema na mudomo wangu mbele kichwa yangu ijue ninasema nini.

Kisha Mama akasema, "Watoto watoke inje. Weye soma." Nikamuomba, Mama, acha. Akasema, "Hortense, soma." Nikasoma yote, kamba, kucheka, yote. Sauti yangu ilikatika mara mbili, aliningojea. Nilipomaliza alisimama, akachukua jembe, akaenda mu bustani. Tangu pale amesema juu ya chumvi, juu ya maji, juu ya uniforme ya Yannick. Juu ya ile, hakuna neno hata moja. Sijui iko na nini mu roho na sitakudanganya kama najua.

Mimi naweza kusema juu yangu. Nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilipanda kilima nikikutukana, watu walisikia. Siku ya tatu nikajiuliza: kamba hiyo ingekuwa mu mikono yangu, na yule mucheshi iko chini, siku ya kumi na sita, mimi ningefanya nini? Ningecheka, mudogo wangu. Ningevuta tatu nikicheka. Nikakaa chini pale kwa kilima nikalia mbele ya watu. Nilimulilia Mathieu, kisha nikakulilia weye.

Kesho narudi Bunia, pesa ya njia inaisha. Mama Gertrude anapita na barabara ya Mahagi, siku mingi ya njia, atakuletea hii. Sikushindwa, nimezuiwa. Mwezi wa saba nitajaribu tena, na kama haiwezekani nitajaribu Noeli. Nimepanda kilima hii miezi mbili juu ya kushuka na weye. Kwako ngazi ya kuogopa imebaki moja tu, ya tatu, na umesema mwenyewe kama ni ya chuma.

Dada yako, leo kuliko jana,
Hortense


Kabasinga, 4 Mei 2025

Yaya,

Salamu kwa wote. Hii unaweza kusoma mbele ya watu, na wanafunzi pia.

Jana nimeshuka.

Nilisoma barua yako mara ine pale kwa bariere, nikamwambia Assani tumbo imepona. Hakucheka. Akafunga kitabu ya majina, akaweka jiwe juu yake, akasema twende mbele ya jua kupanda. Ngazi ya kwanza, ya pili. Kwa ya tatu nilikaa. Nakuambia kweli, nilikaa juu ya chuma, nikashika na mikono yote mbili paka ngazi ikalia. Nyuma yangu kulikuwa bibi muzee mugeni, na mimi nimemufungia njia. Alikaa pia, kwa ngazi ya juu yangu, akatosha mukate akala. Labda alikula nusu saa. Harufu ikakuya, ile ya udongo wa ndani. Nikasema kwa sauti, "Mathieu, nakuya." Assani alisikia, bibi alisikia, sikuona haya. Nikaweka muguu chini. Kisha ule mwingine.

Sasa andika kwa ubao, Yaya, juu kitabu yako haisemi. Kuta si mishale. Ni nguzo, nyeusi, zimesimama moja kwa moja kama mutu alizipanga, kila moja iko na pembe tano ao sita. Assani anasema moto ukipoa polepole inapasuka vile, weye utajua kama ni kweli. Chini ya nguzo kuna majivu ya zamani imekuwa jiwe, rangi ya ugali ya muhogo, ukikwaruza na ukucha inatoka. Fasi hiyo ndiyo mto ulikula. Kwa upande wa kuume maji ya moto inatoka mu ufa, ndogo tu, inanuka yai, na mita mbili mbele mto ni baridi paka mifupa inalia. Niliweka muguu moja huku, moja huku. Mbingu ni kipande tu, refu, nyembamba. Na kila kitu inadondoka. Nilisikia maji inadondoka kila upande, na hakuna kitu ilianguka.

Nilikaa kule paka saa sita. Nililia, Yaya, mutu muzima na shati ya kazi. Kisha njaa ikanikamata kama kawaida, tukapanda.

Kesho nashuka tena. Assani anasema nikishuka mara makumi mbili, wataniandika gide.

Sitauliza Mama amesema nini. Niambie tu kama anakula.

Hippolyte


Bunia, 1 Juni 2025

Hippolyte,

Mama amenikataza salamu. Anasema leo hapana salamu, hapana kuku, hapana lenga-lenga. Barua yako niliisoma mbele ya nyumba nzima, akasikiliza paka mwisho, akasema, "Chukua bic." Naandika vile anasema, sibadilishi kitu.

Hippolyte. Ni mama yako anasema, Hortense anaandika tu.

Habari ya kamba nilijua. Watu wa Bambu walifika kuniambia juma ile ile ya mazishi. Walikuona ukicheka. Nilikukasirikia mwaka muzima. Nilienda kanisani nikaombea kila mutu, na weye sikuweza kukuombea. Nasema kweli, juu weye pia umesema kweli.

Kisha hasira ikaisha. Asubuhi moja niliitafuta, haikuwa. Na weye haukuwa hapa uone kama imeisha. Nikasema nitangoja paka aseme mwenyewe. Pale nilikosa. Mama hangojaki vile. Ningevuka ziwa nikutafute.

Siku ile nilipoteza watoto wawili. Moja udongo ulimukamata, na hata nikichimba na vidole yangu hatarudi. Weye haukukamatwa na kitu.

Gertrude anasema boti zimeanza tena juma hii. Usiniandikie barua ingine. Kuya.